MJADALA: Sifa ya mashine ya kuvunia ngano ya Australia, je, ni ya familia ya McKay?

Ngano na Chuma (mleta mada)
Naomba tujadili kwa hoja. Hugh Victor McKay alizaliwa 1865 huko Raywood, jimbo la Victoria, wazazi wake wakiwa walowezi waliotoka Monaghan, Ireland. Mwaka 1884, kabla hajatimiza miaka 19, yeye, baba yake Nathaniel na kaka yake John waliijaribu shambani kwao Drummartin mashine waliyoiunda kwa vipande vya mashine nyingine. Ilichopoa masuke, ikapura, ikapepeta na kutoa ngano safi, yote kwa mpito mmoja. Hati miliki ilitoka 1885. Biashara ikakulia Ballarat, ikahamia Braybrook Junction magharibi ya Melbourne, na mji wenyewe ukabadilishwa jina 1907 ukaitwa Sunshine, jina la mashine. Kiwanda kile kilikuja kuwa kikubwa kuliko vyote vya zana za kilimo katika kizio cha kusini cha dunia.

Nchini Australia anatajwa mara nyingi kama mvumbuzi wa mashine hii. Mimi napinga. Naona alikuwa mwenye kiwanda hodari aliyekusanya akili za wengine, akafanikiwa kwa ulinzi wa serikali, yaani ushuru dhidi ya mashine za nje, kisha akakataa sharti la ulinzi huo. Karibuni.

Fundi Mitambo
Mkuu, kwanza tuelewane mashine ilikuwa inafanya nini, maana bila hilo tutagombea majina matupu.

Tangu 1843 Australia Kusini walikuwa na mashine ya John Ridley. Haikukata bua. Mbele ilikuwa na kichana cha meno marefu yaliyopishana kwa mwanya mwembamba. Bua linapita kwenye mwanya, suke linakwama, na ngoma yenye mapigo inayozunguka kwa kasi nyuma ya kichana inalipiga mpaka linavunjika na kupurika. Punje na makapi vinarushwa pamoja kwenye sanduku la nyuma. Sanduku likijaa unasimama, unamwaga lundo shambani, halafu watu wanakuja na mashine ya kupepetea ya mkono. Kazi nzito ilibaki hapo: kuchota, kuzungusha mpini, kupepeta tena mara ya pili, kutia guniani, na vumbi lote lile puani.

Walichofanya akina McKay ni kuondoa lundo. Nyuma ya ngoma wakaunganisha kipandishio, machekeche na feni, vyote vikivutwa na gurudumu moja la ardhini. Ukilisema unaona rahisi. Sasa fikiria: nguvu yote inatoka kwenye gurudumu linalokokotwa na farasi. Farasi wakipunguza mwendo kwenye kilima, ngoma inapungua, feni inapungua, na makapi yanaingia guniani pamoja na ngano. Wakikimbia, feni inapuliza punje nyepesi nje na ngoma inapasua punje nzima. Kwenye mchanga gurudumu linateleza, kila kitu kinasimama huku kichana kinaendelea kusukuma mabua, na mashine inaziba. Kuoanisha gia ili mashine ivumilie mabadiliko ya mwendo ndiyo kazi halisi ya uvumbuzi. Kijana wa miaka 18 kufika hapo anastahili heshima yake.

Masuke Makavu
Fundi umeeleza vizuri, na maelezo yako yananipa mimi hoja. Kichana na ngoma ni vya 1843. Mashine ya kupepetea ilikuwapo. California walikuwa tayari na kombaini kubwa (mashine ya kuvuna na kupura kwa pamoja), na serikali ya Victoria ilikuwa imetangaza zawadi kwa atakayetengeneza mashine ya kufanya yote kwa pamoja. James Morrow alikuwa akifanya kazi hiyohiyo miaka ileile hapo hapo Victoria. Tatizo lilikuwa mezani kwa kila mtu, na McKay ni mmoja wa waliolitatua.

Hata Ridley mwenyewe ana ubishi wake. John Wrathall Bull alipeleka mfano wa mashine ya kuchopoa masuke mbele ya kamati mjini Adelaide mwaka huohuo wa 1843, na watu wakabishana kwa miaka mingi nani alimwigiza nani. Ridley hakuchukua hati miliki. Mafundi wengi wakaitengeneza na kuiboresha bila kumlipa, na ndiyo sababu ilienea haraka vile.

Angalieni pia ndugu wawili, Richard Bowyer Smith na Clarence. Mwaka 1876 walibuni plau inayoruka visiki: kila jembe limefungwa kwa bawaba kwenye mhimili wake, likigonga mzizi linainuka lenyewe, likishapita linarudi udongoni kwa uzito uliowekwa nyuma. Bila plau ile mashamba ya vichaka vya mallee (mikalitusi mifupi) yasingelimika kwa farasi. Bunge la Australia Kusini lilimpa Richard pauni 500. Linganisheni na ukubwa wa kiwanda cha Sunshine, ndipo mtaona kwamba sifa humfuata mwenye kiwanda.

Fundi Mitambo
Sikatai. Ila kutengeneza mashine moja inayofanya kazi siku ya maonyesho ni jambo moja, na kutengeneza elfu zinazofanya kazi kwa mkulima aliye maili 40 kutoka kwa fundi wa karibu ni jambo lingine kabisa. Msimu wa kuvuna ni wiki chache. Mnyororo ukikatika au beringi ikiungua kwa kukosa mafuta, ngano inasimama, mvua ikija imeharibika. Mkulima alihitaji vipuri vinavyolingana mashine hadi mashine, na mtu wa kampuni anayejua kupanga mwanya kati ya ngoma na ukuta uliopinda chini yake: ukiubana sana punje zinapasuka, ukiulegeza masuke yanatoka na punje ndani. Hapo ndipo Sunshine iliwashinda wengi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa inauza hadi Argentina.

Mizani ya Sheria
Ndugu zangu, mnabishana kuhusu gia, na jambo kubwa zaidi la familia hii liko mahakamani. Naomba nieleze kwa utaratibu kwa sababu huwa linasimuliwa nusu.

McKay alikuwa mstari wa mbele kudai ushuru dhidi ya mashine zilizoingizwa na kampuni za Amerika Kaskazini. Mwaka 1906 bunge la shirikisho likakubali. Kila mashine ya aina hii iliyotoka nje ilitozwa pauni 12. Lakini likaweka sharti: mashine iliyotengenezwa ndani nayo itozwe nusu yake, pauni 6, isipokuwa mwenye kiwanda athibitishe kwamba anawalipa wafanyakazi ujira wa haki na unaokubalika. Mantiki yake ilikuwa wazi: umma unamlinda mwenye kiwanda kwa kumlipa bei ya juu, basi na mfanyakazi apate sehemu yake.

McKay akaomba msamaha wa kodi. Ombi likafika mbele ya Jaji Henry Bournes Higgins, Melbourne, na sheria haikusema "haki" ni kiasi gani. Higgins akaanzia jikoni badala ya sokoni. Aliita wake wa wafanyakazi watoe ushahidi wa matumizi ya nyumbani. Kwa familia ya watu kama watano, kodi ya nyumba, vyakula, nyama, maziwa, mboga na kuni vilifika wastani wa pauni 1, shilingi 12 na peni 5 kwa wiki (pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12). Akabainisha kwamba hapo hajahesabu taa, nguo, viatu, samani, ada ya chama, magazeti, nauli, vifaa vya shule, ugonjwa wala mazishi. Kibarua asiye na ujuzi pale Sunshine alilipwa shilingi 6 kwa siku, yaani 36 kwa siku sita za kazi. Toa matumizi yale, zinabaki shilingi 3 na peni 7 za kila kitu kilichosalia.

Tarehe 8 Novemba 1907 akaamua: shilingi 7 kwa siku, 42 kwa wiki, ndiyo kima cha chini cha haki. McKay akanyimwa msamaha.

Bi Hesabu
Hapo ongeza kwamba kipimo chenyewe kilikuwa mwanaume mwenye mke na watoto watatu. Mwanamke anayejitegemea, au mjane mwenye watoto, hakuwamo. Mwaka 1912, kwenye kesi ya wachuma matunda wa Mildura, Higgins huyohuyo alikubali mwanamke alipwe sawa na mwanaume pale tu anapogombea naye kazi ileile. Kazi zilizoitwa "za wanawake" zikabaki na ujira mdogo kwa miongo kadhaa. Wake wa wafanyakazi ndio waliotoa hesabu iliyojenga hukumu, na hukumu haikuwahesabu kama watafuta riziki. Hilo linaniuma kila ninapoisoma kesi hii.

Masuke Makavu
Na McKay aliilipa ile kodi?

Mizani ya Sheria
Hapana. Alishtakiwa kwa kutolipa kodi, na tarehe 26 Juni 1908 Mahakama Kuu, kwenye shauri dhidi ya Barger, mtengenezaji mwingine, na McKay, iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba sheria ile inakiuka katiba: bunge la shirikisho lilitumia kodi kutawala masharti ya kazi, eneo lililokuwa la majimbo. Higgins alikuwa mmoja wa wale wawili waliopinga. Sheria ikafa, lakini kipimo cha shilingi 7 kikaendelea kutumika katika maamuzi mengine ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na kikawa msingi wa kima cha chini cha mshahara Australia.

Tusisahau pia kwamba Braybrook Junction, alikohamishia kazi, palikuwa nje ya mamlaka ya bodi za Victoria zilizopanga viwango vya mishahara. Na mgomo wa 1911 pale kiwandani, uliochukua takribani miezi mitatu, ulimalizika kwa chama cha wafanyakazi kushindwa.

Fundi Mitambo
Nakubali sehemu ya ujira, hata mimi siwezi kuitetea. Lakini mwenye mada aliuliza kuhusu mashine, basi niongeze la mwisho, na linaweza kumsaidia mpinzani wangu.

Udhaifu mkubwa wa kuchopoa masuke ni kwamba unahitaji ngano iliyokauka kabisa na iliyosimama. Asubuhi yenye umande suke halivunjiki, unangoja jua. Ngano iliyolazwa na upepo, kichana kinapita juu yake. Aliyetibu hilo ni Headlie Taylor, mkulima wa karibu na Henty, New South Wales. Alibakiza meno marefu yanayoinua mabua yaliyolala, akaweka kisu kinachokwenda huku na huko kukata chini ya suke, na parafujo za kusogeza masuke kwenda kwenye ngoma. McKay alinunua haki za mashine hiyo, na kufikia 1916 Taylor alikuwa Sunshine akisimamia utengenezaji. Mwaka 1924 wakatoa Auto-Header, inayojiendesha kwa injini yake bila farasi. Mtu wa Narok au Arusha akitazama mbele ya kombaini, kisu na parafujo anavyoviona ni vya ukoo huu wa fikra, kuliko ngoma ya 1884.

Ngano na Chuma (mleta mada)
Asante Fundi. Kwa hiyo mashine iliyoibeba kampuni baada ya 1916 ilibuniwa na mtu mwingine tena. Tofauti ni kwamba Taylor alilipwa na akapewa kazi, na hilo nalihesabu kwa upande wa McKay.

Hugh Victor alifariki 1926. Mwaka 1930 kampuni ikaungana na Massey-Harris, mmoja wa wapinzani wa zama za ushuru, na katika miaka ya 1950 ikamezwa na kundi lililokuja kuwa Massey Ferguson, jina ambalo huku kwetu liko kwenye trekta nyingi. Kiwanda kilifungwa miaka ya 1980, na mahali pake leo kuna maduka.

Narekebisha mada yangu hivi: kwenye kitabu cha shule aandikwe "mmoja wa waliounda" mashine ya kuvunia, baada ya Ridley na pamoja na Morrow, na jina la Taylor lisiachwe. Na aya ya hukumu ya ujira ya 1907 ikae ukurasa huohuo.

Bi Hesabu
Kama ni ukurasa huohuo, iwekwe na orodha ya matumizi waliyoitoa wale wanawake, pamoja na mstari wa ardhi: eneo la Bendigo, ambako familia hii ilianzia maisha, ni nchi ya Dja Dja Wurrung, na kila ekari iliyovunwa kwa mashine hizi ilikuwa ya wenyeji kabla haijawa ya mlowezi. Fundi, hilo nalo lina pingamizi?

Fundi Mitambo
Halina. Liandikwe.