Sabuni ya mche inashindwa na ya nje: turekebishe wapi?

Karakana_Katindo: Wandugu wa Goma, naomba ushauri. Tunatengeneza sabuni bila kuchemsha: mawese kilo 10, soda kostiki kilo 1.5, maji ya ziwa lita 4. Miche inabaki laini, juu inatoa unga mweupe, povu ni kidogo. Wateja wanachukua ya ng'ambo ya mpaka hata kama yetu ni bei chini. Tuongeze manukato, ama tununue mashine ya kukandia?

Fundi_Himbi: Mashine ingoje, ndugu. Kilo 1 ya mawese inahitaji gramu 141 za soda. Kwa kilo 10 ni 1.41, toa asilimia 5 ili mafuta yabaki kidogo, unapata 1.34. Ninyi mmezidisha, na ziada hiyo inawasha mikono ya wafuaji na kuota ule unga juu. Maji nayo, lita 2.7 zinatosha; ndiyo maana mche haukauki. Pima soda kwa mizani, si kwa kikombe, na gunia lililogandamana msilitumie, limekwishakunywa unyevu. Mimina soda ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, kwenye ndoo ya plastiki ngumu. Sufuria ya alumini inaliwa na soda.

Mama_Mizani: Fundi amesahau maji yenyewe. Ziwa Kivu lina madini mengi ya magnesi, na magnesi ikikutana na sabuni inatoa utando badala ya povu. Tumieni maji ya mvua. Acheni mvua ya kwanza ioshe vumbi la volkano ya Nyiragongo kwenye mabati, kisha chujeni kwa kitambaa. Lakini mteja bado anafulia maji ya ziwa! Kwa hiyo badilisheni mafuta pia: mawese kilo 7.5, mafuta ya kokwa za mawese kilo 2.5, hayo ndiyo yanaongeza povu. Manukato hayaleti povu.

Karakana_Katindo: Asanti mama. Soda itabaki 1.34?

Mama_Mizani: Hapana, mafuta ya kokwa yanakula gramu 176 kwa kilo. Wekeni kilo 1.42, asilimia 5 imeshatolewa, na maji lita 2.8. Changanyeni vyote vikiwa kama nyuzi 45, koroga mpaka uji ukidondoka uache alama juu yake, funikeni kwa blanketi usiku, Goma kuna baridi.

Fundi_Himbi: Na mkate vipande vizito kuliko uzito mnaoandika. Wiki 4 kwenye chanja yenye hewa, mche wa gramu 450 unaweza kushuka chini ya 400, na mama wa sokoni anaupima kwa mkono kabla ya kuuliza bei.