Kuendelea na mshauri wa Leeds nikiwa Dodoma

Kutoka: Mtoto wa Mpwapwa, Leeds (kwa sasa Dodoma)

Wapendwa, mbukwenyi. Nimekuja kumuuguza mama, niko hapa mpaka Desemba. Tunakaa Nkuhungu, nyumba ambayo kuta hazijafika kwenye paa: ukikohoa chumba cha mwisho, jikoni wanakupa pole.

Wengi wenu mnatufahamu mimi na mwenzangu. Kila Jumanne nina saa moja na mshauri wangu wa afya ya akili kwa simu ya video. Nilihangaika miezi saba kumpata. Wa kabla yake alitaka kujua tu baba alikuwa mkali kiasi gani, kana kwamba kumpenda mwanaume mwenzangu ni kovu la kiboko. Huyu hajaniuliza hilo hata mara moja. Anauliza zamu za usiku, viza, pesa ya dawa ninayotuma nyumbani, na yule msimamizi anayeniita "Afrika" wakati jina langu limeandikwa kifuani. Sitaki kumpoteza. Ninyi mkirudi nyumbani mnafanyaje? Binamu ameshaona neno "mshauri" kwenye simu yangu, akacheka: "Umekuwa wa Mirembe?" Kwa wasio wa Dodoma: hospitali hiyo ya akili ipo tangu 1927, na hapa jina lake ni tusi tosha.

Kutoka: Dada wa Kondoa, Minneapolis

Pole kwa kuuguza, mdogo wangu. Kwanza muulize kama anaruhusiwa. Huku leseni hutolewa na jimbo. Wangu alinikatalia hata wiki mbili nilipokuwa kwa shangazi Chicago. Uingereza hawana mambo ya majimbo, lakini bima yake ya kazi inaweza isivuke bahari.

La pili hukuliuliza, ila limenikaa kooni. Mnaotumia mkalimani, angalieni. Siku ya kwanza nilisema nina mawazo. Akatafsiri neno kwa neno, mshauri akaelewa nataka kujiua, nikaulizwa dakika arobaini kama nyumbani kuna vidonge. Jamani, mawazo! Kodi, mtoto, baridi. Halafu ile sauti niliijua: soprano wa kwaya yetu. Siku hizi naomba mkalimani wa simu wa jimbo jingine, na jina langu halitajwi. Na neno shoga: kwa watu wa pwani ni rafiki wa mwanamke kwa mwanamke, lakini mkalimani akilitema kama mate, mshauri hana namna ya kujua kuwa umetukanwa.

Kutoka: Mzee wa Manyoni, Toronto

Kijana wangu, unajua miaka mingi sikukuelewa. Binti yangu ndiye aliyenifundisha, na alilia sana kabla sijafundishika. Nilimpeleka akafanyiwe huduma za "kubadilishwa". Kanada imeziharamisha tangu Januari 2022. Mimi nilifanya kabla ya hapo, ila sioni kama tarehe inaniokoa. Madaktari wa akili wa Marekani walishaacha kuliita jambo hili ugonjwa mwaka 1973, Shirika la Afya Duniani 1990. Mshauri anayeanza kukutibu hilo, mwache hapo hapo, hata kama ulishamlipa.

Na ulipo sasa, kumbuka kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu mwanaume kulala na mwanaume mwenzake, kinafika kifungo cha maisha. Futa jumbe. Jina la mshauri liandike kama la benki. Usimkopeshe mtu simu, hata mtoto wa dada anayetaka kucheza gemu.

Kutoka: Mtoto wa Mpwapwa

Asanteni sana. Anaruhusiwa, na bima yake imekubali. Nimehamia kwenye gari la binamu, chini ya mwarobaini, vioo juu, waya masikioni. Jumapili Uingereza wamerudisha saa nyuma nami nikasahau: saa kumi na mbili jioni niko tayari, kumbe kwake ndiyo kwanza saa tisa. Nilimaliza mfuko mzima wa ubuyu nikisubiri.

Ushauri wa benki tumeutia chumvi kidogo. Mtu akisogea namwambia mshauri "turudi kwenye mkopo", naye anaanza kunisomea riba bila kupepesa macho. Jumanne tulirudi kwenye mkopo mara tatu.

Usiku namnywesha mama uji, akanishika mkono. "Nimekuona unalia kwenye gari. Huyo mzungu hawezi kukupunguzia riba?"