Kona ya Uyole: sheli, mashine ya unga au ghala la viazi na parachichi?

Kona_TANZAM
Habari zenu wakuu. Kiwanja kiko Uyole, Mbeya, ni mita 40 kwa 60, mbele lami ya TANZAM (barabara kuu ya kwenda Zambia), nyuma kijito. Waombaji wa kukipanga wako watatu: wa sheli, wa mashine ya kukoboa na kusaga, na wa ghala la viazi lenye chumba baridi cha parachichi. Mkutano wa mtaa umegawanyika. Wa sheli ndiye anayetoa kodi kubwa. Naomba hoja zenye vipimo, ushabiki tumeshausikia wa kutosha.

Utepe_Mita50
Mkuu, kabla ya kodi pimeni kiwanja chenyewe. Sheria ya Barabara ya 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Nyuma, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kutoka katikati ya lami hadi mpaka wa mbele ni mita ngapi? Na kutoka mpaka wa nyuma hadi ukingo wa kijito?

Kona_TANZAM
Mbele mita 18. Nyuma mita 45.

Utepe_Mita50
Basi mbele zinaliwa 12, nyuma 15. Urefu wa 60 unabaki 33. Mita za mraba 2,400 zimekuwa 1,320, na hapo bado hamjagusa choo wala maegesho. Lori la mafuta lenye tela lina urefu wa mita 16 au 17, na linatakiwa liingie, lishushe na litoke kwa mbele bila kurudi nyuma barabarani. Kwenye 33 kwa 40, ukishaweka pampu, paa na ofisi, halizunguki. Usimwamini anayechora pampu ndani ya hifadhi ya barabara. Na njia nne za Nsalaga hadi uwanja wa ndege wa Songwe zinapita upande huo huo.

Mnyalu_Kihesa
Kamwene wote. Mimi naongezea la chini ya ardhi, maana wengi wanaogopa moto wakasahau kuvuja. Udongo wa huko ni majivu ya volkano na pumisi, unapitisha maji upesi. Tangi la chuma la ukuta mmoja likianza kutoboka kwenye maungio ya mabomba hakuna atakayeona. Kinachoonyesha ni fimbo ya kupimia kila asubuhi ikilinganishwa na mauzo ya pampu. Upungufu wa lita 30 kwa siku unaitwa "mvuke", kwa mwezi ni lita 900. Mkilazimika kukubali sheli, dai tangi la kuta mbili, shimo la kutenganisha mafuta na maji ya mvua, na kisima cha uchunguzi upande wa kijito. Cheti cha tathmini ya mazingira na kibali cha EWURA (mamlaka ya nishati na maji) vionekane kabla ya kuchimba, siyo baadaye.

Dogo_Isyesye
Sheli inaajiri vijana lakini! Mashine ya unga ina watu wawili na vumbi.

Mota_FeziTatu
Dogo, vumbi lina dawa: saikloni (pipa linalozungusha hewa vumbi lianguke chini) na mfuko wa kitambaa unaokung'utwa kila siku. Tatizo la mashine ni umeme. Mota ya kusaga ya hp 30 ni kilowati 22, inakula ampea kama 42 kwa kila fezi. Kinu cha kukoboa cha ukubwa huo huo kikiwaka pamoja nayo, ni 84. Transfoma ya kVA 50 inatoa ampea 72 tu, na ndiyo inayolisha majumba yenu. Ikiwashwa moja kwa moja mota inavuta mara sita, karibu 250. Hapo taa za mtaa mzima zinafifia na friji zinaungua. Staa-delta, swichi ya kuwasha mota kwa hatua mbili, inashusha mpaka theluthi, ila nguvu ya kuanzia nayo inakuwa theluthi, kwa hiyo mahindi yamwagwe mashine ikishachanganya. Opereta mvivu akiacha mahindi ndani jana yake, mota inaunguruma bila kuzunguka mpaka inaungua.

Wa dizeli naye asidhani amepona. Kwa mwinuko wa mita zaidi ya 1,700 juu ya bahari, injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 17 ya nguvu, na moshi unaongezeka. Mtetemo: nyundo za kinu zibadilishwe kwa jozi zinazotazamana zenye uzito sawa, la sivyo ukuta wa jirani utapasuka.

Mama_Viazi
Ghala mnalipita juu juu. Ila mwombaji akisema chumba kimoja kwa vyote viwili, hajui biashara. Parachichi la Hass linakaa nyuzi 5 hadi 7. Viazi vya chipsi vinataka 8 hadi 10. Chini ya 6 wanga unageuka sukari na chipsi zinatoka nyeusi. Parachichi nalo linatoa gesi ya kuivisha. Vyumba viwili, paneli za sentimita 10, na kompresa ya hp 3 hadi 5 kwa cha parachichi. Huo mzigo transfoma ya 50 inaubeba.

Viazi Juni na Julai havihitaji hata kompresa: matundu yafunguliwe usiku kwa feni, yafungwe alfajiri, na giza totoro ili visiwe kijani. Viazi vilivyochimbwa punde vikae kwanza siku 10 hadi 14 vikaushe majeraha. Kilicholowa kisiingie, kimoja kinaozesha kreti nzima. Kosa jingine ni kuingiza parachichi la jua la saa nane: chumba kinahangaika usiku kucha na la jana linapata joto. Na lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) mlangoni msiruhusu, mizani iwe ya kuhakikiwa.

Kona_TANZAM
Mama, lori la kupakia si litakwama kama la sheli?

Mama_Viazi
Fuso linatosha, mita 8 au 9. Kontena la futi 40 lipakiwe kwingine. Jukwaa la kupakilia liwe na kimo cha bodi ya Fuso, kama mita moja na kidogo.

Utepe_Mita50
Jukwaa likae ndani ya zile 33, mlango wake utazame kijia cha pembeni, siyo TANZAM. Na mkataba uandike matumizi kwa jina, "ghala la mazao". "Biashara" peke yake inamruhusu kesho ageuze kuwa baa. Akitaka kubadili, bango la kusudio libandikwe kiwanjani ili majirani wapinge mapema.

Mota_FeziTatu
Na mita yake iwe ya kwake, isiunganishwe na ya jirani "kwa muda".