Naomba ushauri: eneo la malisho linagawiwa bila mkutano mkuu wa kijiji

Habari zenu wakuu. Kijijini kwetu halmashauri ya kijiji imeanza kumpimia mwekezaji sehemu ya eneo la malisho. Mkutano mkuu wa kijiji haujaitishwa kuridhia, wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka hivyo kabla ardhi haijagawiwa. Wazee wamemfuata mwenyekiti, kawaambia wasubiri. Mtendaji wa kijiji tumemwomba muhtasari wa kikao, hajatupa. Inaniuma sana, maana lambo pekee tunalonyweshea mifugo kiangazi liko humo humo.

Naomba kujua: malalamiko tuyapeleke kwa mtendaji wa kata kwanza, au moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya? Na sisi wanakijiji tunaweza kudai mkutano uitishwe, kwa utaratibu gani?