Tangu nipewe kuongoza timu kichwa kinachoka kuliko mwili, nyie wenzangu mnafanyaje?

Mpya_Kitini:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri hasa mnaoongoza watu. Nilipandishwa nikawa kiongozi wa timu, kazi yenyewe naijua maana ndo nilikuwa naifanya kabla, na masaa hayajaongezeka kivile. Ila huu uchovu siuelewi. Zamani nilikuwa nachoka mwili, nikilala naamka niko poa, sasa hivi nalala vizuri tu ila naamka kichwa kizito. Asubuhi mpaka jioni ni bosi hii tuifanyeje, bosi mteja kasema vile, kuna wawili hawasalimiani kila mmoja ananiletea upande wake, huko juu nako wanataka ripoti, jioni nikijiuliza leo nimefanya nini sikioni. Nikifika nyumbani mtoto akiniuliza kitu kidogo naitikia tu ilimradi aondoke. Na juzi mtu wa timu alikuwa ananielezea shida zake za familia, nasikiliza lakini ndani sihisi chochote, wakati mimi sio mtu wa hivyo kabisa. Likizo nilienda, nimerudi na hali imerudi. Nirudishe cheo?

Kapteni:
Ndo ukubwa huo mkuu. Mazoezi, maji mengi, lala mapema.

DadaMipango:
@Kapteni kasema analala, tusome kwanza jamani.
Mkuu, kinachokumaliza ni maamuzi ya watu wote kuishia kwako. Wiki moja usibadilishe kitu, kila anayekuja kukuuliza we andika swali lake kwenye daftari, mwisho wa wiki usome. Utakuta mengi wangeyamaliza wenyewe, wanakuja kwako kwa sababu kuuliza ni salama kuliko kuamua. Halafu waambie wazi, haya na haya amua mwenyewe utaniambia baadaye, haya njoo na pendekezo lako, na haya machache ndo yangu. Tatizo litakuja siku wa kwanza akiamua vibaya, ukimfokea mbele ya wenzake basi umeisha, kesho yake wote wamerudi mlangoni kwako.

msomaji_kimya:
Niongezee kwa DadaMipango. Kukatizwa katizwa nako kunakula akili. Kuna mtafiti anaitwa Sophie Leroy, mwaka 2009 alionyesha kwamba ukiacha kazi moja kuingia nyingine sehemu ya akili inabaki kule ulikotoka, ndo maana siku inaisha umechoka na huoni ulichofanya. Dawa ndogo inayosaidia, kabla hujamgeukia aliyekuja andika mstari mmoja tu umeishia wapi na ukirudi unaanzia wapi. Na meseji za grupu zipangie muda, dharura ya kweli mtu atapiga simu.

Nesi_Mstaafu:
Mie nimeshtuka hapo pa kutohisi chochote. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza uchovu wa kazi uliopitiliza kwa dalili tatu, kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako au kuiona haina maana, na kuona hufanyi cha maana. Wenyewe hawaiiti ugonjwa, ni hali inayoletwa na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa, kwa hiyo likizo peke yake haitoshi kama unarudi palepale. Ila mwanangu, ukiona hata vitu unavyovipenda nje ya kazi havina ladha tena, umekata tamaa na hali inapita wiki mbili, nenda kwa daktari, inaweza kuwa sonona. Na hata upungufu wa damu au tezi ya shingo huchosha hivyohivyo, usimalize kila kitu kwa kusema ni cheo.

Fundi_Mkuu:
Mnampa ushauri mzuri lakini mnasahau wa juu yake. Kama bosi wake akisikia kosa la mtu yeyote anampigia yeye, ataachiaje maamuzi? Hilo daftari ampelekee bosi wakae wakubaliane nani anaamua nini. Na kurudisha cheo sio aibu, mie nilirudisha nikarudi kwenye ufundi na nina amani, ila usirudishe ukiwa umechoka, pumzika kwanza ndo uamue.

Mpya_Kitini:
Asanteni sana, kwa kweli sikuwahi kufikiria ni maamuzi. @Nesi_Mstaafu shikamoo, nje ya kazi bado nafurahia mpira na marafiki, lakini vipimo nitaenda kufanya. Daftari naanza Jumatatu. Sasa hawa wawili wasiosalimiana nafanyaje, maana hao ndo wanaonimaliza kuliko ripoti?

DadaMipango:
Acha kupokea habari za mmoja mwenzake akiwa hayupo. Akianza tu mwambie ngoja nimuite tuongee wote watatu. Wengi hapo husema aah bosi acha tu, nitamalizana naye mwenyewe.

Kapteni:
Hiyo ya watatu naiiba 😂 na maji unywe lakini.