Betri kugoma kula chaji: tupeane uzoefu

Mangi_Sakina: Wakuu hii baridi ya Julai, jirani yangu kaamsha mtaa mzima alfajiri, gari inalia tik tik tik haiwaki. Nani betri ilishamgomea kuchaji na ukafanyaje?

MamaWawili_Njiro: Yangu chaja ilikuwa inasema imejaa muda huohuo nimeiunga. Kumbe vichwa vya betri vimeota ule unga mweupe wa kijani kijani, moto haupiti. Fundi kamwagia magadi na maji ya moto, povu hilo, kasugua na brashi ya waya basi.

Dogo_Mbuyuni: Same hapa.

Kijana_wa_Majengo: Nyie mnaongelea unga. Gereji moja hapa Moshi betri kubwa ya N70 ililala kwenye chaja usiku kucha, umeme mkubwa, vifuniko vimekazwa, asubuhi imevimba inanuka mayai viza. Dogo kaja akang'oa klipu bila kuzima swichi, cheche ikaruka PAA! Mfuniko ukagonga bati, asidi yote usoni, anapiga kelele hamuoni mtu, tukamshika kwa nguvu kichwa chini ya bomba, maji tu maji tu zaidi ya robo saa ndo bodaboda mpaka hospitali. Macho yalipona. Shati alivyolifua likabaki chekeche.

Dogo_Mbuyuni: Duh!! Kwa hiyo gesi ndo inalipuka?

Kijana_wa_Majengo: Haidrojeni mdogo wangu. Zima swichi KWANZA ndo utoe klipu. Na usivute sigara hapo.

Mzee_wa_Hiluksi: Ikikauka ongeza asidi, inaamka.

Fundi_Umeme_Kijenge: Mzee shikamoo, ila hapo hapana. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki mle mle. Weka maji ya betri yaliyosafishwa, ukiongeza asidi inakula sahani za ndani ya betri.

Mzee_wa_Hiluksi: Marahaba. Naongeza hivyo hujazaliwa.

MamaWawili_Njiro: Na betri zako zinamaliza mwaka kweli baba? 😂

Fundi_Umeme_Kijenge: Tupime jamani kabla ya kununua. Gari imelala usiku, mita ikisoma volti 12.6 imejaa, ikiwa 12 kushuka chini imeisha. Sasa washa, inatakiwa ipande kwenye 14 hivi, ikibaki 12 na kitu hiyo ni alteneta (ile inayochaji betri gari ikiwa inawaka) au mkanda wake, utabadilisha betri mpaka uchoke. Halafu hizi chaja za kidijitali betri ikifa sana haziioni kabisa, unaunga betri nzima pembeni, chanya kwa chanya hasi kwa hasi, chaja ikishaamka unaitoa ile nzima. Na ukitoa zima swichi kama alivyosema jamaa.

Mangi_Sakina: Hii ya mwisho nilikuwa siijui, asante fundi.

Mkibosho_Original: Mi napaki kwenye mteremko tu, asubuhi naiachia ishuke inawaka. Kwetu kote mteremko.

Dogo_Mbuyuni: Na otomatiki je?

Mkibosho_Original: Hiyo uza.