Naomba ushauri: nataka kudai talaka kwa ugoni na kipigo, nianzie wapi?

Mama Wawili (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nipo Morogoro mjini, ndoa ya kanisani, mwaka wa tisa huu. Watoto wawili, mkubwa darasa la pili, mdogo ana miaka minne. Mume wangu ana mwanamke mwingine, wamezaa, na kule anahudumia waziwazi. Nikiuliza napigwa, na mara ya mwisho nilishonwa juu ya jicho. Wazee wa pande zote wameshakaa vikao, kila kikao kinaisha kwa kuniambia nivumilie kwa ajili ya watoto. Nimechoka.

Ugoni na kipigo vinatosha kupewa talaka? Kiwanja tulichojenga kina jina lake peke yake. Mimi nauza vitenge, ila hela yangu yote iliishia kwenye chakula na ada. Na nikiondoka sasa, sitaambiwa nimetoroka ndoa nikakosa kila kitu?

Mzee wa Kihonda

Binti, pole. Lakini ndoa ya kanisani haivunjwi na hakimu. Rudi kwa paroko wako, mkazungumze wote wawili. Watoto wanahitaji baba.

Karani Mstaafu

Mzee mwenzangu, kwa heshima zote, hapo unampoteza. Sakramenti ni jambo la kanisa na atabaki nalo huko. Sheria ya Ndoa ya 1971 inagusa ndoa zote za Tanzania Bara: ya kanisani, ya msikitini, ya bomani na ya kimila. Mahakama ina mamlaka ya kuivunja. Tena kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Mtu ameshonwa juu ya jicho, hatuwezi kumrudisha kwenye mkono uleule.

Mama Wawili, nimekaa masijala ya mahakama miaka mingi, na nimeona watu wakifika wanadhani wakithibitisha ugoni basi talaka inatoka palepale. Hakimu anajiuliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Makosa ya mwenzako ndiyo ushahidi wa kuvunjika huko. Kifungu cha 107 kinataja ugoni, hasa ukirudiwa au ukiendelea licha ya malalamiko, ukatili wa mwili au wa akili kwako au kwa watoto, kutelekezwa kwa makusudi, kuhamwa miaka 3 au zaidi, kifungo cha miaka 5 na kuendelea, na mengine. Wewe una mawili, na yote yanaendelea. Mtoto aliyezaliwa nje na matunzo ya wazi ni ushahidi mzito kuliko meseji.

Halafu kuna mlango ambao wengi wanauruka: Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Vikao vya wazee nyumbani havihesabiki. Nenda baraza la kata, au ofisi ya Ustawi wa Jamii, au baraza la dhehebu lako kama linatambulika. Watamwita mumeo, watawasikiliza, wakishindwa wanakupa hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Bila hati hiyo shauri lako halisogei. Na isiwe imepitisha miezi 6 siku unayofungua shauri.

Dada Chausiku

Hapo kwenye hati pashikilie kabisa. Mdogo wangu alifungua kesi na barua ya mjumbe wa nyumba kumi, akadhani inatosha. Ushahidi wake wote ulisikilizwa, akashinda. Mume akakata rufaa, kila kitu kikafutwa kwa sababu ya hiyo hati tu. Alianza upya akiwa hana hata nauli, iliniuma sana.

Mama Wawili

Asanteni mno. Sasa mume wangu akikataa kuitikia wito wa baraza? Namjua, hataenda.

Karani Mstaafu

Akikaidi kwa makusudi, sheria haikufungi. Kukataa kwake kufika ni moja ya sababu zinazokuruhusu kwenda mahakamani bila usuluhishi kufanyika. Ila hakikisha baraza linaandika kwamba aliitwa na hakufika, na nakala ubaki nayo. Msamaha kama huo upo pia kwa aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi.

Ukishapata hati, mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kuanza kusikiliza shauri la ndoa. Wengi huanzia ya mwanzo kwa kuwa iko karibu na gharama ni ndogo.

Msaidizi wa Kisheria Moro

Niongezee upande wa nyumba, maana hapa ndipo wanawake wanapoonewa zaidi. Jina kwenye kiwanja halimalizi mambo. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na mchango unaweza kuwa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Chakula na ada ulizolipa ndivyo vilivyomwachia yeye nafasi ya kununua tofali. Kusanya risiti za shule, daftari la biashara, na majina ya mafundi waliokuona unawapikia na kuwasimamia. Usitegemee nusu kwa nusu, mgawo unafuata mchango uliothibitishwa.

Nyumba ya ndoa hawezi kuiuza bila ridhaa yako ndoa ikiwepo. Kama ina hati miliki, weka zuio kwa msajili wa hati. Kama ni karatasi ya mauziano tu, waandikie serikali ya mtaa mapema, shauri likifunguliwa uombe amri ya mahakama.

Kuhusu kuondoka: aliyekimbia kipigo hajaitelekeza ndoa kwa hiari yake. Usalama wako kwanza. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, upate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, na uombe hospitali kumbukumbu za ule mshono. Simu yake usiifungue kwa siri, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kukugeukia.

Kwa watoto, mahakama inatazama masilahi yao kwanza. Chini ya miaka 7 sheria inaanza na dhana kwamba ni vema akae na mama, ingawa inaweza kupingwa. Matunzo ni wajibu wa baba popote watakapokaa.

Abuu Salha

Samahani kuingilia. Dada yangu ameandikiwa talaka tatu na mumewe, ndoa ya Kiislamu. Naye aende baraza?

Msaidizi wa Kisheria Moro

Ndiyo, kaka. Aende baraza la usuluhishi la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), apate hati, kisha mahakamani. Mahakama itaitambua talaka iliyotolewa kidini baada ya baraza kushindwa kuwasuluhisha, na hapo ndipo atadai mgawo wa mali na matunzo. Karatasi ya mume peke yake haimpi hayo.

Mama Wawili

Yule mwanamke naye naweza kumshtaki?

Karani Mstaafu

Unaweza kudai fidia ya ugoni, kifungu cha 72 kinampa haki hiyo mke sawasawa na mume. Lakini akithibitisha hakujua na hakuwa na namna ya kujua kwamba mwenzake ana ndoa, dai linaanguka, na fidia hairuhusiwi kuwa ya kukomoa. Mimi ningekushauri nguvu zako ziende kwenye nyumba na watoto.

Mama Wawili

Nimewaelewa. Nimeshazungumza na dada yangu, tunahamia kwake na watoto, Jumatatu nakwenda Dawati kisha Ustawi wa Jamii. Naruhusiwa kuingia naye barazani? Au nitafute wakili?

Msaidizi wa Kisheria Moro

Wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu mbele ya baraza. Ndugu wa familia anaruhusiwa, kwa hiyo dada aje. Beba cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hiyo PF3, nakala mbilimbili, asilia usimwachie mtu yeyote.